Vitambaa Viwili Vyekundu

Kama umeambiwa wiki hii kwamba figo zako zimekataa kazi, keti kwanza. Yale makaratasi waliyokupa weka kando, utayasoma baadaye, maana hofu iliyo mbele yako inatosha bila kuongezewa. Mimi si daktari. Nimeuza hadiwea Kitengela miaka kumi na minne, najua nati, mabomba, na watu wanaorudisha koki wakiapa walipewa mbovu. Nitakueleza tu vile mwaka wangu ulivyokwenda, pamoja na habari ya injini ya baba mkwe wangu, kwa sababu hizo habari mbili zimeshikana na mimi siwezi kuzitenganisha.

Kwangu ilianzia kwa viatu. Ilikuwa Januari, jua kali, na kila jioni viatu vilikataa kutoka miguuni. Asubuhi uso ulikuwa umefura. Fundi mmoja wa mabomba akaniambia pale kaunta, "Mama Mumo, naona Kyalo anakulisha vizuri." Tukacheka. Kyalo ni mume wangu, na maskini hakuwa na habari. Wiki mbili baadaye nilipanda ngazi ya duka kuteremsha boksi la viungo vya bomba, nikakosa pumzi katikati, nikabaki pale juu nimekumbatia rafu mpaka wakaja kunishusha. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma kwa siku nyingi, na nilikuwa nimejiambia ni kwa sababu nashinda nikishika chuma.

Daktari aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilipimwa presha. Nikamwambia nilipokuwa na mimba ya Mumo. Akauliza Mumo ana umri gani. Nikasema yuko Fomu ya Pili. Alinitazama, akaweka kalamu chini. Hiyo ndiyo sayansi yote utakayopata kwangu.

Walinitoboa shingo wakaweka kateta, mirija miwili inayoning'inia chini ya sikio, wakaniambia nitakuwa nikienda mashine kusafishwa damu Jumanne na Ijumaa, masaa manne kila mara. Mpaka lini? Waliniandikia tarehe ya kwanza tu. Nafasi ya mashine ilipatikana Kajiado mjini, kwa hivyo nikahamia kwa mama mkwe, ambaye sote humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Nyumba yake iko karibu na reli, hata treni ya magadi ikipita vikombe hugongana kabatini. Kyalo alibaki Kitengela na kazi yake na shule ya Mumo. Alikuwa anakuja Jumapili, anakaa kwa ukingo wa kiti, anauliza "Uko aje?" na kabla sijajibu anatazama ukuta. Alikuwa amepimwa ili anipe figo yake, wakamkuta na sukari. Tangu hapo alinitembelea kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

Sasa nikuambie juu ya kiu, maana hakuna atakayekuambia sawasawa. Figo zikikufa, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Yanakaa mwilini, yanapanda miguu, yanapanda kifua, mpaka mashine iyatoe. Niliruhusiwa vikombe viwili kwa siku, na chai ni maji, na uji ni maji, na supu ni maji. Nilijifunza kusukutua na kutema. Nilijifunza kunyonya kipande cha barafu nusu saa. Siku moja nilimwona mbuzi wa jirani akinywa kwa ndoo, nikamchukia yule mbuzi kwa moyo wangu wote. Nyumba ya Mwaitu ilikuwa na maji kila kona: mtungi sebuleni, sufuria jikoni, tangi nje. Nikatafuta mahali ambapo hapakuwa na tone la maji, nikapapata. Ilikuwa karakana ya baba mkwe, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

Lazima ujue kwamba kwetu mke wa kijana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hiyo heshima tunaiita nthoni. Hampeani mikono. Huingii mahali pake. Na jina lake halitoki mdomoni mwako, hata akiwa amekufa. Miaka yote niliyoolewa alikuwa akinena nami kupitia kwa mtoto. Nikiwa hatua tatu kutoka kwake atasema, "Mumo, mwambie mama yako chai ilikuwa nzuri." Mumo ananigeukia, "Mama, Babu anasema chai ilikuwa nzuri." Alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na mimi bado nilimwita Mzee. Kwa hivyo siku niliyosukuma mlango wa karakana yake nilibisha hodi kwanza, kana kwamba yuko ndani.

Juu ya meza ya chuma kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka la maua. Nikainua shuka. Ilikuwa injini ya gari la moshi, zile za mvuke za zamani, imetengenezwa ndogo, urefu wake kama meza ya kupigia pasi. Mzee alikuwa fundi wa boila wa reli tangu ujana. Injini za mvuke zilipoondolewa alihamishiwa za dizeli, na hakuzipenda, alisema zina harufu tu. Alipostaafu akaanza kujijengea yake. Boila ilikuwa ya shaba, magurudumu manane, kibanda cha dereva na dirisha lake. Upande wa kushoto ulikuwa umekamilika, na vyuma vinavyounganisha magurudumu vinang'aa. Upande wa kulia magurudumu yalikuwa uchi. Mahali pa valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, palikuwa na tundu, limezibwa na kipande cha gunzi la mahindi.

Halafu nikaona nati. Ndogo, za shaba, pembe sita. Nilizijua. Kwa miaka Kyalo alikuwa akija dukani na karatasi ya baba yake: nati ndogo sita, waya wa shaba, koki moja ya robo isiyo na kovu. Mimi nilidhani ana pampu inayomsumbua. Nilikuwa nazichagua moja moja kiganjani, nikirudisha zenye uzi mbaya, kwa sababu ni za baba mkwe na sitaki aibu. Zote zilikuwa pale. Ile koki ilikuwa chini ya boila, na haikuwa na kovu. Niligeuza ndoo nikaikalia, maana stuli yake singeweza, nikalia kidogo.

Mwaitu alinikuta hapo. Hakunikemea. Alinyoosha kidole mbele ya injini, kwa ile ndoano ya kuvutia mabehewa, ambapo kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa kwa waya na kuandikwa herufi za jina la mumewe.

"Shika yote," akasema. "Hiyo usiguse."

"Ni ya nini, Mwaitu?"

"Huko kwa reli, fundi akiingia chini ya injini anafunga chekundu yake mbele. Hakuna mtu anasongesha hiyo injini mpaka yeye atoke, aifungue na mkono yake mwenyewe. Wakiwa watatu huko chini, vitambaa ni tatu. Hata mkubwa wao hawezi fungua." Akarekebisha shuka. "Asubuhi ile kifua kilimshika alifunga hiyo kabla twende hospitali. Akasema akirudi anamaliza upande wa kulia. Sasa, hajasema ametoka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda kuangalia maharagwe yake.

Nikaanza kazi mvua za Aprili zilipoanza. Jumatano na Jumamosi nilikuwa sifai kitu, mashine inakuacha kama nguo iliyokamuliwa. Lakini siku zingine nilikaa juu ya ndoo yangu na tupa, nikichonga vyuma vya upande wa kulia nikifuata mfano wa kushoto. Mzee alikuwa ameacha daftari la michoro. Nikipata kiu nilihesabu, kupiga tupa mara mia mbili, kisha mia mbili tena. Kiu haikuisha, ila nilikuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Pale chumba cha kungojea tulikuwa tunajuana kwa viti. Karibu nami alikaa Mzee Parsaloi, mfugaji, mrefu, fimbo katikati ya magoti. "Takwenya," ananisalimia kwa Kimaasai. "Iko," najibu. Yeye alikuwa ameshafanyiwa fistula mkononi. Wanaunganisha mshipa mmoja na mwingine ndani ya mkono, ili mshipa unenepe, sindano za mashine zipate pa kuingia, shingo ipumzike. Kateta ya shingo ni mlango ulio wazi, uchafu ukiingia unaingia moja kwa moja kwa moyo. Alinishikisha mkono wake. Ulikuwa unatetema ndani, unanguruma kama paka. "Kila asubuhi weka kidole," akaniambia. "Ikiimba, wewe uko. Ikinyamaza, wewe kimbia." Ijumaa moja kiti chake kilikuwa kitupu. Jumanne pia. Kwa chumba kile hakuna anayeuliza. Nilimwomboleza wiki tatu nzima, mpaka muuguzi akanitajia kwamba alihamishiwa zamu ya asubuhi. Nilikasirika, nikafurahi, nikakasirika tena.

Zamu yangu ya upasuaji wa fistula ilifika mwishoni mwa Mei. Siku moja kabla, niliacha chuma kimoja nusu, kimebanwa kwa jiriwa. Sijui ni nini kilinishika. Nilichana kipande cha leso nyekundu ya zamani, nikaandika "Mama Mumo" kwa kalamu, nikakifunga mbele ya injini, kwa waya uleule, chini ya kile cha Mzee. Nilikuwa nasema kwamba nitarudi kumaliza. Nilicheka hata, peke yangu mle ndani.

Niliporudi kutoka hospitali mkono wa kushoto umefungwa bandeji, Mwaitu hakuwa amepika. Alikuwa amekaa mezani, mikono mitupu.

"Nani alikuambia ujifunge na marehemu?"

"Mwaitu, ni desturi ya kazi. Wewe ndiye uliniambia."

"Nilikuambia ya watu walio hai. Wewe umejiandika jina chini ya jina lake, waya moja. Yeye alifunga akaenda hospitali. Wewe umefunga ukaenda hospitali." Akainuka, akashika ukuta. "Mtoto wa watu, umefanya nini?"

Mimi ni mtu wa kanisa, na mdomo wangu ni mkali, watu wa Kitengela watakuambia. Nikamjibu kwamba kitambaa ni kitambaa. Lakini usiku huo sikuzima taa.

Siku ya tisa niliamka, jua limeingia dirishani, kuku wanapiga kelele nje. Nikaweka vidole mkononi kabla ya sala. Nikavisogeza. Nikabonyeza. Nikaweka sikio, nikaziba sikio lingine. Kimya. Kulikuwa na mkono tu, kama mkono wa mtu yeyote. Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani nikasema, "Ngai wangu, Mungu wangu," mpaka Mwaitu akaja mlangoni, akaona vile nimeshika mkono, akajua.

Daktari alisema damu imeganda, mishipa ya upande huo ni myembamba, haitasaidia tena. Tutajaribu mkono wa kulia. Nikauliza, na wa kulia ukikataa? Akasema tutavuka daraja hilo tukilifikia. Ukiambiwa hivyo na daktari, na wewe umekaa na mirija shingoni, unajua hilo daraja huenda halipo.

Mwaitu alitia kufuli karakana. Jumapili Kyalo akaja, na kwa mara ya kwanza tangu niugue alizungumza kwa sauti. "Fungua hicho kitambaa, Mama Mumo. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya amani ya hii nyumba." Mwaitu akatoa ufunguo. Tukaenda sote watatu. Nikashika lile fundo. Leso ilikuwa laini, waya umekunjwa mara mbili tu, mtoto angeweza. Vidole vikakataa. Wakangoja. Mwaitu akasema, "Fungua."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu hufungua akishatoka," nikasema. "Mimi bado niko chini. Mwaitu, niko chini na ninaogopa. Nikifungua sasa, ni nani atajua niko huku?"

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwamba ninaogopa, nilikuwa nawaambia niko sawa. Kyalo akatoka nje. Mwaitu akavuta stuli ya mumewe, ile ambayo mimi sikuikalia, akakaa kando ya ndoo yangu. Tulikaa hapo mpaka treni ikapita. Tangu siku hiyo hakutia kufuli tena.

Julai ikaja na baridi yake, upepo wa Kajiado unaopita katikati ya mabati, na ndipo mlango wa shingoni ukaingiza uchafu. Nilikuwa kwa mashine, saa ya pili, meno yakaanza kugongana. Baridi ilitoka ndani ya mifupa. Walinifunika blanketi tatu na kitanda kikawa kinatikisika nami. Nilisikia muuguzi akiita jina langu kutoka mbali, na mimi nilitaka kumjibu na sikupata mdomo. Nililazwa siku kumi na moja. Kuna siku mbili hapo sizikumbuki. Kyalo anazikumbuka, na mpaka leo hataki kuzisimulia. Nilichokumbuka nilipozinduka ni kiu, na Mwaitu akinipaka maji midomoni kwa pamba, polepole, akihesabu matone kwa Kikamba.

Walibadilisha kateta, dawa zikafanya kazi, na mwezi wa Agosti wakanipasua mkono wa kulia. Huo ndio mkono wangu wa kula, wa kuandika, wa tupa. Sikutakiwa kuinua kitu kizito nao, wala kuulalia, wala kuvaa saa. Nilipewa mpira wa kufinya. Wiki nane za kungoja mshipa unenepe. Kila asubuhi nililala macho wazi nikiogopa kuweka vidole. Nilikuwa nahesabu mpaka kumi, kisha naweka. Ukaimba. Kesho yake ukaimba. Sikuzoea hata siku moja, na ukiwa kwa hali hii usidhani wewe ni mwoga, hakuna anayezoea.

Nikajifunza kupiga tupa kwa kushoto. Kazi mbaya, mistari inapinda, unarudia. Lakini valvu ya usalama sikuweza, na nilisema hivyo mbele ya Kyalo Jumapili moja. Jumapili iliyofuata alikuja na mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. "Nimeshindwa kukuletea figo," Kyalo akasema, akitazama viatu vyake. "Nimekuletea Mzee Barasa." Alikuwa amemtafuta wiki nzima kwa simu, akampata Embulbul kwa mwanawe. Barasa, Mluhya wa Kakamega, alikuwa amefanya kazi kwa boila moja na Mzee tangu wakiwa vijana. Aliizunguka injini mikono mgongoni, akaona vitambaa viwili, akaondoa kofia, akairudisha.

Alikuja Jumapili nne. Alitengeneza valvu, akalehemu palipovuja, akajaza boila maji na kuisukumia presha kwa pampu ya mkono kabla ya moto wowote. "Maji ikipasuka inakulowesha," aliniambia. "Mvuke ikipasuka inakuzika. Usiwashe kitu hujapima na maji." Boila haikuvuja. Lakini alikataa tuiwashe. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, yatakula shaba ndani. Daftari la Mzee pia lilisema maji ya mvua pekee. Mvua yenyewe haikuwa imekuja, na vumbi lilikuwa limejaa hata kwenye chai.

Katikati ya Oktoba walidunga mkono wa kulia kwa mara ya kwanza. Sindano zile ni nene, sitakudanganya. Muuguzi akasema, "Tazama pembeni, mama." Sikutazama pembeni. Damu ikapanda kwa mrija, mashine ikaikubali, na Mzee Parsaloi, ambaye alikuwa anaondoka, akasimama mlangoni akainua fimbo. Wiki tatu baadaye walitoa kateta. Nilishika shingo yangu tupu siku nzima.

Mvua ilinyesha wiki hiyo hiyo. Mwaitu aliweka pipa jipya chini ya mabati, akalifunika, akakataza mtu yeyote kulinywea.

Jumapili mchana tulikuwa watano: Mwaitu, Kyalo, Mumo, Barasa na mimi. Injini iliwekwa juu ya reli ambayo Mzee alikuwa ameitandika miaka ile, vyuma viwili kutoka mlango wa karakana mpaka kwa tangi. Moto wa makaa ulishawashwa, maji ya mvua yanaanza kulia ndani ya boila. Nikainama nikafungua kitambaa changu, kwa mkono wa kulia. Safari hii vidole vilikubali. Nikakitia mfukoni.

Cha Mzee kikabaki. Nikamwangalia Barasa.

"Kuna njia," akasema. "Mwenye kitambaa akikosekana, amepelekwa hospitali, ama amekufa, anaitwa. Unazunguka injini mara tatu, kila mzunguko unaita jina yake. Unangoja muda wa mtu kutambaa atoke. Halafu mwingine anaangalia chini. Akisema hakuna mtu, inafunguliwa. Tulifanya hivyo. Hatukuwahi kuua mtu."

"Nitaita," Kyalo akasema. "Ni baba yangu."

"Wewe ndiye utafungua mvuke?"

Kyalo akaitazama injini. Hakujua hata mkono wa kufungulia mvuke uko wapi.

"Mwenye kufungua mvuke ndiye anaita," Barasa akasema. "Injini ikiponda mtu, ni yeye amemponda. Hawezi kutuma mwingine."

Mwenye kufungua mvuke nilikuwa mimi. Wote tukamgeukia Mwaitu. Nilikuwa tayari kumwaga yale makaa chini na kurudisha shuka la maua, nasema kweli. Nilikuwa nimeogopa mwaka mzima na sikutaka hofu nyingine. Yeye alikuwa amesimama kwa kizingiti, leso kiunoni, anatazama ile ndoano.

"Mwite," akasema. Kisha akaongeza, "Mwite kwa nguvu. Hizo boila zilimmaliza masikio."

Nikazunguka. Jina nililitoa kwa sauti ndogo, hata kuku hakugeuka. "Hasikii," Mwaitu akasema. Nikazunguka tena, nikaita kama mtu anayeita nyumba ya jirani. Mumo alinikazia macho, hajawahi kusikia mama yake akitamka jina hilo. Mara ya tatu niliita kwa sauti ya kaunta, ile ninayoitia mtu wa stoo upande wa pili wa barabara. Jina likaenda mpaka kwa reli kubwa.

Tukangoja. Muda wa mtu kutambaa ni mrefu. Boila ilikuwa inalia pole. Mkono wangu ulikuwa unanguruma. Barasa alianza kuinama kuangalia, Mwaitu akamwekea mkono begani. Akatandika leso yake chini, akapiga magoti, magoti yale yanayomuuma, akaweka shavu karibu na udongo, akaangalia chini ya injini ya mumewe. Aliangalia kwa muda mrefu sana.

"Hakuna mtu chini," akasema.

Kyalo alimwinua. Mimi nikafungua kitambaa cha Mzee, nikampa Mwaitu, akakikunja akakitia kifuani. Halafu nikafungua mvuke kidogo, na injini ikatikisika, ikapiga chafya ya maji, ikaenda polepole mpaka kwa tangi, upande wa kulia na wa kushoto ukizunguka pamoja. Mumo alikimbia kando yake. Barasa alikuwa analia na hakujali.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nililitumia siku ile kwa kazi, na kazi iliisha.

Sijapona. Hii si hadithi ya kupona. Nimerudi Kitengela, duka linanipa nusu siku, na bado nalala Kajiado siku za mashine. Asubuhi bado nahesabu mpaka kumi kabla ya kuweka vidole. Jumanne na Ijumaa naenda na kitambaa changu mfukoni, nakifunga kwa mkono wa kiti cha mashine. Wauguzi walinicheka mwanzoni. Wakishatoa sindano, nakifungua mwenyewe. Nikifika nyumbani Mwaitu huwa mlangoni, na siku hizi haniulizi niko aje.

"Umetoka?" anauliza.

"Nimetoka, Mwaitu."

Basi ananipimia chai yangu, nusu kikombe, tunakaa.